Krimu, au Mikono Yangu

Mkuyuni, Mwanza
Jioni, kabla hamjarudi

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nimekuona sasa hivi ukitoka na baba yako kwenda Igoma kumuaga bibi, umevaa ile blauzi niliyokuambia uiache kwa ajili ya safari ya kesho. U mzima wa afya na husikii la mtu. Mimi pia ni mzima, ila moyo unanienda mbio kama mimi ndiye ninayeanza kazi, na nimekunywa chai mpaka Joyce ameificha chupa. Unamjua Joyce, tukiwa saluni yeye ndiye bosi na mimi ni mwajiriwa.

Barua hii naitia kwenye begi lako dogo, chini ya chapati. Isome basi likishapita Misungwi. Ukiisoma ukiwa hapa utanijia mbio kubishana, na siku hizi nikibishana na wewe nashindwa.

Sitakuandikia habari za kula, kulala na kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka baba yako akawa anaongeza sauti ya redio kila nikifungua mdomo. Nataka tuzungumze habari ya krimu. Chini ya nguo zako kuna boksi la viatu nililolifunga kwa selotepu. Ndani yake kuna kopo la krimu yangu ya nywele, na kuna nywele. Naomba ukifika Dar kwenye hiyo maabara ya kiwanda cha vipodozi, ukishazoeana na wenzako na kupewa ruhusa ya kugusa vyombo, uvipime.

Najua unavyokunja uso sasa hivi. Jumapili nilikuomba jambo hilohilo ukakataa. Ulikuwa unaosha vyombo, hukugeuka hata kuniangalia. Ukasema, "Mama, mimi naenda kujifunza kazi. Siendi kuwa hakimu wako."

Nikasema, "Nani amekwambia habari za hakimu? Pima tu, uniambie."

"Na nikikuta krimu yako ndiyo inayokata nywele za watu, nitakuambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo upi, mama? Mdomo uliosema habari ya ukungu ukanuniwa mwezi mzima?"

Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza ambayo ulikuwa umeshaifuta. Barua hii ndiyo jibu langu, nimechelewa siku chache tu.

Kwanza nikusimulie jambo ambalo sikukwambia lote. Mvua zilipokatika, Mama Rehema alikuja saluni. Huyu ndiye muuza vitenge wa sokoni aliyeanza kukalia kiti changu kabla wewe hujajua kutembea. Siku hiyo hakukaa. Aliniita nyuma ya pazia, akafungua mtandio wake, akanionyesha mbele, pale juu ya paji la uso. Kabula, palikuwa peupe. Nywele zilizobaki zilikuwa fupi fupi na zimesimama kama mabua shambani baada ya mavuno. Akasema polepole, "Sikulaumu, Mama Kabula. Nauliza tu." Angenigombeza ingekuwa nafuu.

Na si yeye peke yake. Tangu hapo nimekuwa nawatazama wateja wangu mbele ya vichwa kabla sijawatazama usoni, na wapo wengine. Wote wanatumia krimu yangu. Wote nawasuka mimi. Unajua sifa yangu hapa Mkuyuni: msuko wa Mama Kabula haufumuki. Watu wanatoka Igoma wananifuata kwa ajili ya kukaza huko. Sasa ni krimu, au ni mikono? Inawezekana ni vyote viwili, na inawezekana kuna kitu cha tatu nisichokijua mimi. Lakini nataka kujua, na namna ninavyotaka kujua inanishangaza mwenyewe, maana zamani ningetaka tu mtu aniambie si mimi.

Zamani nilikuwa mtu wa ajabu. Ngoja nikukumbushe, maana mengine ulikuwa mdogo.

Nilianza na samli ya bibi yako. Kwao Usukumani samli ilikuwa inapakwa nywele, na nywele zinang'aa kweli, ila nzi nao wanakufuata mpaka kanisani. Nikataka kitu chenye wema wa samli bila nzi. Nikakamua maji ya mshubiri, nikayachanganya na mafuta ya karanga, nikatikisa chupa mpaka ikawa nyeupe kama maziwa. Jioni nilijiona nimemaliza kazi. Asubuhi mafuta yalikuwa juu na maji chini, kila mmoja kwake. Nikatikisa zaidi. Nikaandika kwenye chupa "Tikisa kabla ya kutumia" nikaona nimetatua tatizo, kumbe nimempa mteja kazi yangu aifanye yeye.

Ndipo yule mama wa duka la malighafi za sabuni, kule mjini, alinieleza kuhusu ile nta maalumu. Akasema upande mmoja wa nta hiyo unapenda maji na upande mwingine unapenda mafuta, kwa hiyo inawashika wote wawili. Nikamwambia, "Basi huyo ni mshenga." Akacheka, akasema mshenga kweli, lakini mshenga huyu anataka joto. Mafuta yapashwe na nta, maji yapashwe peke yake, vyote viwe na joto sawa, kisha umimine taratibu huku unakoroga, na usiache kukoroga mpaka vipoe. Niliharibu sufuria ngapi! Mara nilimimina haraka, mara maji yalikuwa yamepoa, mara niliacha kukoroga nikaenda kusuka mtu.

Siku ya kwanza iliposhika ilikuwa alfajiri, nimeamka kwenda kuitazama kabla ya sala. Ilikuwa nzito, nyeupe, laini, na haikuwa na tone la maji chini. Nikapiga kelele. Baba yako akatoka na panga, akidhani mwizi. Nikamwonyesha sufuria. "Havijaachana!" Akatazama sufuria, akatazama uani, akauliza, "Nani na nani?" Nikamwambia, "Maji na mafuta!" Alirudi kulala na panga lake. Mwanangu, furaha ile sijawahi kuipata tena, isipokuwa siku uliyopata barua ya hii kazi.

Kisha nikaharibu. Nilitengeneza lebo: "Asili tupu. Haina kemikali." Ulikuwa kidato cha pili. Ulikuwa unanisaidia kubandika, ukasoma, ukasema, "Mama, maji ni kemikali." Nikakwambia usiniletee ya darasani. Ukabandika zote kimya kimya, na kila lebo uliyobandika ulikuwa na kicheko unakizuia. Nilikiona.

Mle ndani nilikuwa nimeweka maji na mshubiri, na sikuweka kitu chochote cha kuzuia uozo, kwa sababu kihifadhi ni kemikali na mimi nilikuwa mtu wa asili. Makopo yakakaa rafuni kwenye joto la Mwanza. La kwanza kurudi lilikuwa na vidoa vyeusi juu na harufu ya uji uliochacha. La pili lilirudi na mtoto. Mama yake alimshika mkono, akanionyesha vidonda kichwani. Ulikuwepo. Ukanieleza kwa upole kabisa kwamba tumewapikia wadudu: maji wanayo, sukari iliyomo kwenye mshubiri wanayo, joto wanalo, na mlinzi hayupo. Nikakuambia labda wewe ndiye uliyechovya vidole vyenye maji. Mbele ya watu nilisema hivyo. Na kisha nikanuna.

Ulisema Jumapili ni mwezi mzima. Sikuhesabu, lakini nakuamini. Leo nikikumbuka naona sikuwa na hasira na wewe. Niliogopa. Nilikuwa nimejijengea jina kwa mikono yangu mwenyewe, sikusoma mbali, na sauti ya mtoto wangu ilikuwa ndiyo sauti ya kwanza kuniambia kwamba mikono haitoshi. Yule mama wa mtoto nilimwomba radhi siku ileile, nikamwaga krimu yote. Wewe sikukuomba. Nakuomba sasa, mama. Nisamehe.

Siku hizi kihifadhi napima kwa mzani mdogo alioninunulia baba yako, nakitia krimu ikishapoa kidogo ili joto lisikiue nguvu. Lebo nayo nilibadilisha. Wateja wakauliza, "Mbona siku hizi haijaandikwa haina kemikali?" Nikawaambia, "Kwa sababu inayo."

Sasa nikukumbushe bilauri. Nilikuwa nimetazama kwenye simu kwamba ukitaka kujua nywele za mtu, chukua unywele mmoja uuweke kwenye bilauri ya maji. Ukizama, nywele zinakunywa maji, ukielea, zimejifunga. Nilipenda sana kipimo hicho! Kilikuwa na maji, kilikuwa na bilauri, wateja walikuwa wanainama kutazama kama kwa mganga. Huyu nampa krimu nzito, yule nampa nyepesi, na wote wanaondoka wakiniita daktari. Ukaja likizo ya kwanza ya chuo. Hukunikatalia. Ulikata unywele wako mmoja katikati, kipande kimoja ukakiosha kwa sabuni, kingine ukakiacha na mafuta yake, ukaviweka vyote kwenye bilauri yangu. Kimoja kikazama. Kingine kikaelea. Unywele uleule! Halafu ukatoka nje kuanika nguo, ukaniacha na bilauri yangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekua. Na nikajua pia kwamba unajifunza kuniogopa, kwa sababu mtu asiyeniogopa angesema.

Halafu kuna rasta. Hii ndiyo naipenda kuliko zote, nacheka hapa peke yangu, Joyce ananichungulia.

Ulinieleza kwa simu ukiwa chuo kwamba maabara za nywele hutumia mafungu ya nywele za watu. Fungu hili limepakwa, fungu lile halijapakwa, yote yanachanwa kwa kitana kilekile, na zinazokatika zinahesabiwa juu ya kitambaa cheupe. Nilishindwa kulala kwa hamu. Lakini nywele nizitoe wapi? Unajua kwetu. Mteja akimaliza kufumuliwa, anakusanya nywele zake mwenyewe mpaka ule mmoja ulioshikwa na kiti, anazitia kwenye mfuko, anaondoka nazo. Mimi mwenyewe nimewawekea mifuko ya khaki pale mlangoni. Bibi yako alitulea hivyo: nywele zako haziachwi mikononi mwa watu, huwezi kujua zitafika wapi na zitasemewa maneno gani. Mimi zangu huwa nachoma. Ningemwambia nani Mkuyuni nzima, "Naomba nywele zako nikazifanyie majaribio"? Saluni ingefungwa kabla jua halijazama.

Basi nikachukua rasta mpya ya dukani ya kusukia, pakiti nzuri, nyeusi. Nikagawa mara mbili. Nusu krimu, nusu hakuna. Nikachana. Ile ya krimu kitana kilipita kama kwenye siagi, na ikang'aa hivyo! Hakuna hata uzi mmoja uliokatika. Nilikupigia simu ukiwa kwenye kipindi. Nilikutumia picha. Nilimwambia baba yako kwamba krimu imepita maabara.

Uliporudi nyumbani uliomba kiberiti. Ukachoma ncha ya rasta, ikajikunja ikawa kipunje kigumu chenye harufu ya ndoo iliyoungua. Ukang'oa unywele wako ukauchoma, ukanuka kama manyoya ya kuku yanapobabuliwa. Ukasema, "Mama, hii ya pili ni protini. Hii ya kwanza umepaka krimu mfuko wa nailoni."

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka mpaka machozi. Nilicheka, Kabula! Sikununa hata dakika. Naomba na hiyo uiweke kwenye hesabu unapofikiria mdomo wa kunieleza. Unaukumbuka ukungu, lakini rasta umeisahau.

Na zile karatasi zako za kupimia asidi, zinazobadilika rangi! Ulipoziacha nilipima nyumba nzima. Nilipima ndimu, maji ya bomba, magadi ya maharage, supu ya baba yako mpaka akasema sasa basi. Nilipopima ile sabuni niliyokuwa naoshea wateja, karatasi ikawa bluu iliyokolea, bluu ileile ya magadi. Ndipo nikaelewa ulichokuwa unanieleza kuhusu ngozi ya nje ya unywele, kwamba ina magamba. Samaki nimepara maisha yangu yote. Sato ukimpitisha mkono toka kichwani kwenda mkiani ni laini, ukirudisha anakukwaruza. Sabuni kali inainua magamba ya unywele, kila unywele unamkwaruza mwenzake, wanafungana, kitana kinakata. Uchachu kidogo unayalaza. Nilikuwa nasuka nywele tangu usichana wangu na sikujua kwamba nashika samaki. Niliibadilisha sabuni wiki ileile. Mtu anawezaje kujua jambo kama hilo na akae ametulia? Mimi siwezi. Nilimsimamisha muuza dagaa wa watu nikamweleza, naye akasema, "Sawa mama, lakini unachukua kipimo au huchukui?"

Sasa nifike kwenye boksi.

Umeniona na kilemba tangu mvua zilipokatika. Uliniuliza kama nimeokoka, na siku nyingine ukamwambia baba yako kwamba naficha mvi. Ukweli ni kwamba siku ya pili baada ya Mama Rehema, nilimwita Joyce tukafunga mlango, nikamwambia aligawe kichwa changu sehemu nne. Sehemu ya kwanza inapakwa krimu na inasukwa kwa kukazwa, kama ninavyowasuka watu. Ya pili inapakwa krimu, inasukwa kwa kulegezwa. Ya tatu haipakwi, inakazwa. Ya nne haipakwi wala haikazwi. Joyce alidhani nimechanganyikiwa. Lakini alinisuka hivyo, tukafumua, tukasuka tena, miezi yote hii, na kila tukifumua nilikusanya zilizoanguka za kila sehemu mbali mbali. Sikuchoma hata moja. Nilipendeza kama shamba la watu wanne wasioelewana, ndiyo maana ya kilemba.

Leo asubuhi, ulipokuwa Nyegezi kufuatilia tiketi, Joyce alizikata zote. Mama yako ni kipara, mwanangu. Kesho stendi nitavaa kilemba hichohicho, usinivue mbele ya watu.

Kwenye boksi utakuta mafungu manne yaliyokatwa, na kila fungu lina pakiti yake ya zile zilizoanguka zenyewe. Mafungu utayavuta kwenye ile mashine uliyonionyesha kwenye simu, inayovuta unywele mmoja mpaka ukatike na kuandika nguvu iliyotumika. Mashine inayovuta unywele mmoja! Nikifikiri kwamba unywele wangu utakalia chombo kama hicho, nasikia raha kama nimealikwa mimi. Zilizoanguka utaziangalia kwenye darubini. Nilijaribu na ile lensi yako ya zamani pale dirishani. Unaona nyingine zina kichwa cheupe mwishoni, hizo zimetoka na mzizi; nyingine hazina, hizo zimekatika njiani. Penye mizizi mingi kupita kawaida, mtu amevutwa mno. Penye vipande vingi, unywele wenyewe umechoka. Macho yangu hayatoshi kusema zaidi ya hapo.

Najua utasema kichwa kimoja hakitoshi, na tena ni kichwa cha mwenye krimu. Nami nilisema hivyohivyo leo, kwa Mama Rehema. Asubuhi nimetoa krimu yote rafuni, na kila aliyekuja nimemwambia mwenyewe kwamba nimesimamisha mpaka ijulikane, na kusuka kwa kukaza pia nimesimamisha. Wawili waliondoka kwenda kwa msusi wa upande wa pili, wanataka msuko usiofumuka. Mama Rehema alipopita alikuta kilemba kimenitoka. Akaweka mkono mdomoni. "Pole, Mama Kabula. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa. Nywele zangu zinasafiri na Kabula kesho."

Nikamweleza yote. Alisikiliza amesimama. Nikamwambia kinachonitesa ni kwamba ni kichwa kimoja tu, na ni changu. Akaenda zake sokoni, nikajua nimempoteza.

Alasiri alirudi. Aliweka mezani mfuko wa khaki, mmoja wa mifuko yangu ileile ya mlangoni, umejaa nusu. "Hizi ni za mbele. Nilikuwa nangoja nipate nafasi nizichome."

Nilimwambia, "Mama Rehema, zinakwenda Dar. Zitashikwa na watu usiowajua."

Akasema, "Zitashikwa na Kabula. Mtoto nimemkuta anatambaa hapa. Mwambie azitazame vizuri, na akijua asinifiche."

Kabula, niliupokea mfuko ule kwa mikono miwili. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na hakuna mtu aliyewahi kuniachia hata unywele mmoja. Mfuko wake upo kwenye boksi, upande wa kulia, nimeuandika jina. Ukimaliza kuzitazama usizitupe kwenye pipa la maabara. Zichome mwenyewe, kwa heshima, au nirudishie. Wenzako wakikucheka, waache wacheke.

Nikuambie sasa ninachoogopa, ili usije ukadhani siogopi. Kama ni krimu, sijali sana. Krimu naweza kuimwaga, nilishamwaga nyingine. Nitapunguza hiki, nitaongeza kile, utanielekeza, tutaanza na sufuria mpya, na kusema kweli nusu ya moyo wangu inatamani iwe krimu ili tuanze! Lakini kama ni mikono? Mikono naipeleka wapi? Ndiyo iliyokusomesha. Ndiyo sifa yangu. Itabidi nikae mbele ya kila mama niliyemvuta kichwa kwa miaka yote hii, nimwambie: yale maumivu uliyokuwa unayavumilia ukidhani ni uzuri, yalikuwa yanakung'oa. Na itabidi nijifunze kusuka upya, polepole, kama msichana, na Joyce akinisahihisha. Naogopa. Lakini naogopa zaidi kuendelea kukaza bila kujua.

Na wewe umesema hutaki kuwa hakimu wangu. Nimelifikiria neno hilo tangu Jumapili, nikaona una haki. Mtoto asibebeshwe kumhukumu mama yake. Kwa hiyo sikuandika kwenye mafungu lipi ni lipi. Nimeyafunga kwa nyuzi za rangi, moja jekundu, moja jeupe, moja jeusi, moja la bluu, na pakiti zake vilevile. Ni mimi na Joyce tu tunaojua kila rangi maana yake, na Joyce nimemwapisha. Wewe hutajua lipi lilipakwa na lipi lilikazwa, hata ukilala nayo chini ya mto wako. Ukijua utanionea huruma, na huruma itakusukuma mkono. Pima rangi. Andika rangi. Hukumu nitaisoma mwenyewe huku, mimi na mikono yangu.

Nawasikia mmefika kwenye kona, baba yako anakohoa kile kikohozi chake cha kuniarifu. Naweka kalamu. Nenda, mwanangu, nenda ukashike vyombo, uliza maswali mpaka wakuchoke, uharibu sufuria zao pia. Nakupenda kuliko jina langu.

Ukipata majibu, nipigie saa yoyote, hata nikiwa na kichwa cha mtu mkononi. Usianze na habari za joto la Dar, usinizungushe. Siku hiyo hata shikamoo isubiri. Nitajie rangi.

Mimi mama yako,
kipara wa Mkuyuni